Herufi ya Thelathini na Tatu

Siku ya kwanza mashine ile ilikula majina ya watoto. Wa kwanza kwenye orodha alitokea na jina lake zima. Wa pili alikosa herufi ya mwanzo, wa tatu akakosa mbili, wa nne akakosa tatu, na nilipofika kwa mtoto wa kumi jina lilikuwa limebaki mkia tu, likifuatwa na alama ambazo hazimo katika lugha yoyote ya binadamu. Karani wetu aliinama nyuma ya bega langu, akasoma polepole mpaka chini, kisha akapiga makofi mara moja.

"Hii mashini iko na njaa," alisema. "Uipatie chakula kwanza, ndio itaacha batoto ba benyewe."

Leo nacheka nikikumbuka. Siku ile sikucheka hata kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nilikuwa nimesoma enfomatiki Bujumbura kwa miaka miwili kabla masomo hayajavurugika, na nilijiona kuwa mtu pekee anayeijua kompyuta kuanzia Muhuta mpaka mpaka wa Tanzania. Pengine ilikuwa kweli, maana kompyuta zenyewe hazikuwepo. Programu ile niliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, na aliyeicheka alikuwa ananicheka mimi usoni.

"Ni kazi ya muda mfupi," nilimwambia.

"Muda tunao mpaka samedi," akajibu, yaani Jumamosi, akarudi kwenye kiti chake.

Nieleze tulifikaje hapo. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la Rumonge, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuandika watoto waliopotezana na wazazi wao vitani na kuwatafutia watu wao. Vita ilikuwa imeshazoeleka kiasi kwamba watu waliipangia ratiba. Asubuhi soko, mchana kazi, na kabla jua halijagusa milima ya Kongo kila mtu awe ameingia kwao. Watoto walikuwa wametawanyika katika vituo vya pwani yote ya ziwa, na kila wiki bahasha ya fomu zao ilitufikia kwa boti. Karani alizichapa kwenye kompyuta, mimi niliitunza programu, na karatasi zenyewe ziliendelea na safari kwenda Bujumbura pamoja na msafara wa kijeshi.

Karani alikuwa mama wa Kiislamu, mzaliwa wa mtaa wa Waswahili pale pale mjini, mwenye mwandiko mzuri na mdomo usio na breki. Alikuwa na umri wa mama yangu na nilimwita Mama. Yeye akiwa amefurahi aliniita mutoto yangu, akiwa amekasirika aliniita Bwana Enfomatiki. Wiki ile nilikuwa Bwana Enfomatiki tangu Jumatatu.

Jumatatu ndiyo siku ambayo grupu, yaani jenereta yetu, ilikohoa mara mbili, ikatema umeme mwingi kwa mpigo, na kompyuta ikanuka kama ugali ulioungua. Grupu ilipona, kompyuta haikuwaka tena. Zilizobaki ni disketi, ambazo karani alizikusanya zote, akazifunga kwenye kitenge na kuziweka ndani ya mkoba wake. Alisema kuanzia siku hiyo hakiachwi kitu karibu na mikono yangu.

Jumanne mchana redio ya ofisi, ile ya kuongea na vituo, ikatuletea habari mbaya zaidi. Vituo vya pwani vilikuwa vinafungwa. Jumamosi malori yangepita kuwachukua watoto wote ambao watu wao hawajajulikana, na kuwapeleka mkoa wa ndani, mbali kabisa na ziwa. Kumfuata mtoto huko, kwa barabara zilivyokuwa, ilikuwa kazi ya miezi, na wengine tulijua tusingewapata tena.

Kwa ofisi hilo lilikuwa tatizo la watoto wengi. Kwangu mimi, wiki ile, lilikuwa na sura moja: sura ya Mama Mapasa.

Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, mama wa mapacha. Aliuza mawese kwa chupa pale sokoni, na kila siku akimaliza kuuza alipita ofisini akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka saba, yule pacha mkubwa. Pacha mdogo alipotea miaka miwili nyuma, siku watu walipokimbia kutoka vilima vya juu ya Gatete, kila mmoja akishika njia yake gizani. Mtoto alibebwa na majirani, majirani wakaelekea kusini, na habari ikakatika hapo. Mama Mapasa hakuwa mtu wa kulia ofisini. Alisalimia "Amahoro", akaketi kwenye benchi, akatoa mandazi mawili kutoka kwenye kitambaa. Moja alimpa binti. La pili aliliweka mezani kwangu na kusema ni la yule mwingine, nilile kwa niaba yake. Kwetu pacha hapewi kitu peke yake. Ukinunua gauni unanunua mawili, ukimsalimia mmoja unamsalimia na mwenzake, awepo asiwepo. Nililila andazi lile kila siku, mpaka chembe ya mwisho.

Mtu atauliza kwa nini hatukuuliza kwa redio tu. Tuliuliza. Lakini nchini mwetu mapacha wote hupewa majina mawili yale yale, moja la aliyetangulia kuzaliwa na moja la aliyefuata, na kila Mrundi anayajua. Tulipolitaja jina la pacha mdogo, kila kituo kilijibu kwamba wa jina hilo wapo, watatu, wanne, je, wetu ni yupi? Redio yenyewe ilikuwa ya zamu, dakika chache kwa kila kituo, na huyo anayejibu yuko zahanati, watoto wako mbali naye. Aliyeweza kumchagua mtoto mmoja kati ya wote hao ni daftari letu, na daftari lilikuwa ndani ya disketi ambazo hazikuwa na mashine ya kuzisoma.

Ndipo nilipokumbuka nyumba ya watu waliokuwa wakipima maji ya ziwa. Waliondoka mwanzoni mwa vita wakaacha kila kitu, pamoja na mlinzi. Mlinzi alinionyesha mashine ya kijivu ambayo kibodi na tumbo lake vilikuwa kitu kimoja, nikatia sahihi kwenye karatasi aliyoichana kutoka daftari la mwanawe, nikaibeba kichwani mpaka ofisini. Ilikubali disketi zetu. Kando yake kulikuwa na programu ya kugeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine hiyo, na kitabu kinene. Nilifurahi mno hata nikamwambia karani kwamba jioni hiyo hiyo tutampata mtoto.

Kisha mashine ikaanza kula majina.

Kosa la siku ile nililiona kesho yake asubuhi, kwa kalamu na karatasi, kwa kuwa umeme tulikuwa nao kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja tu. Katika daftari letu kila mtoto alikuwa na mstari wake. Jina lilichukua nafasi thelathini na mbili, ikafuata herufi moja ya alama, kisha namba ya familia iliyobeba ndani yake namba ya kituo, namba ya kilima alikotoka, na umri. Vyote nilivibana bila pengo, kwa sababu disketi zilikuwa adimu kuliko sukari. Jumla nafasi arobaini na tatu. Mashine mpya, bila kuniuliza, ilikuwa imeongeza nafasi moja tupu baada ya ile herufi, kwa hiyo ilisoma arobaini na nne kila mara. Kwa kila mtoto ilimeza herufi moja ya mtoto anayefuata, na deni likawa linakua. Niliikataza. Niliandika amri kwamba pengo lisiwepo, mstari ubanwe kama zamani, na nilipoiwasha Jumatano saa nane nilikuwa nimekunja mikono kifuani kama mkuu wa mkoa.

Jina la kwanza lilitoka zima. La pili lingefuata, lakini programu ilikuwa imeshakufa. Ilifika kwenye namba ya familia ya mtoto wa kwanza, ikaandika neno moja la kulalamika, ikazimika. Niliiwasha mara tisa na ilikufa mara tisa mahali pale pale. Mara ya kumi nikaipiga kofi.

"Upige na mimi," karani alisema bila kuinua macho. "Pengine ndio itasoma."

Alhamisi nilishinda na kile kitabu kinene kwenye kizingiti cha ofisi, nikijikwaa katika Kiingereza chake, wakati baiskeli za mawese zinapita mbele yangu kuelekea sokoni. Kila baiskeli ilikuwa na bidoni mbili, yaani madumu, moja kushoto na moja kulia, maana ukiweka moja tu baiskeli inalala. Kitabu kilikuwa kinasema jambo hilo hilo. Prosesa ya mashine hii, ule ubongo wake, hubeba nafasi za kumbukumbu mbili mbili. Namba ikianza mwanzoni mwa jozi inabebwa bila tabu. Ikianza katikati, nusu iko kwenye baiskeli moja na nusu kwenye nyingine, na ubongo huu haukubali kabisa, unatupa mzigo chini. Prosesa ya kompyuta yetu ya zamani ilikuwa mvumilivu. Ilifunga safari mbili, ikaunganisha vipande, na haikuniambia kitu miaka yote ile.

Nikarudi kwenye karatasi yangu. Kabla namba ya kwanza haijaanza, nafasi thelathini na tatu zilikuwa zimeshatumika. Witiri! Jina lenyewe lilikuwa thelathini na mbili, shufwa, halina kosa. Mwenye kosa alikuwa ile herufi ya thelathini na tatu.

Na herufi hiyo haikuwa wazo langu. Karani ndiye aliyeidai siku za mwanzo kabisa. Alitaka aandike I kama mtoto iko, H kama haiko. Nilimwuliza kwa nini amwandike mtoto ambaye hayupo, akasema ni kwa ajili ya mapacha. Niliona ni mambo ya kina mama, nikamwekea herufi yake ili aninyamazie, na sikuifikiria tena. Sasa nilimwona mwizi wangu waziwazi. Kuibadilisha programu nzima ichukue kila namba kipande kwa kipande kungenimalizia wiki. Kuifuta herufi moja kulikuwa kazi ya nusu saa.

Nilimwomba karani disketi nizinakili. Alinipa, akakaa karibu akizilinda kwa macho, na nilipomaliza akazirudisha kwenye kitenge chake. Sikumwambia kwamba katika nakala zangu nimeikata herufi yake. Niliogopa mdomo wake, huo ndio ukweli.

Na programu ikaenda! Jina zima, la pili zima, la mia moja zima. Namba zikatoka, ingawa mtoto wa miaka saba alisomeka kuwa na miaka elfu moja mia saba tisini na mbili, kwa kuwa ubongo ule ulisoma namba kuanzia upande wa pili.

"Huyu amezaliwa mbele ziwa halijazaliwa," karani alisema, tukacheka wote wawili mpaka mbavu zikauma. Nilizigeuza namba, miaka ikawa saba, na saa tisa na nusu nikaipa mashine swali lenyewe: pacha mdogo, wa miaka saba, wa kilima kile cha juu ya Gatete. Mama Mapasa alikuwa kwenye benchi na binti yake. Andazi lilikuwa mezani.

Jibu lilitoka kabla sijavuta pumzi. Mtoto yupo, kituo cha Rumonge.

"Iko hapa!" nilipiga kelele. "Mama, mutoto iko hapa hapa Rumonge!"

Mama Mapasa aliruka. Alipiga kigelegele kilichowatoa watu dukani upande wa pili wa barabara, akambeba binti yake juu, akanibusu mkono, mkono wangu huu, na mimi nikacheka kama mwendawazimu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile kwa dakika nzima.

Karani hakucheka. "Namba ya famiye ni ngapi?" aliuliza.

Nilimsomea kwenye kioo. Alifungua daftari lake la mkono, alimoandika namba za waliojiandikisha kwetu tu, akapitisha kidole, akalifunga.

"Hiyo ni namba ya huyu mama mwenyewe," alisema taratibu. "Siku alikuja kuandikisha mukubwa, mimi nikaandika bote wawili. Mukubwa nikatia I. Mudogo nikatia H. H yangu iko wapi, Bwana Enfomatiki?"

H yake nilikuwa nimeikata mimi mwenyewe. Mtoto niliyempata alikuwa ni yule yule asiyekuwepo, aliyeandikwa kwa heshima kando ya dada yake. Na si Rumonge tu. Kila kituo, kila mwandishi, popote alipopokea pacha mmoja aliandika wawili, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu ambaye angethubutu kuandika mmoja. Niliiacha mashine iendelee kutafuta, nayo ikanipa wengine watatu wa kilima hicho na umri huo, katika vituo vitatu, na hakuna aliyeweza kujua ni yupi mtoto wa nyama na damu na yupi jina tu.

Mama Mapasa alikuwa ameketi tena. Alinitazama, akaona sura yangu, akanihurumia yeye mimi.

"Haina neno, mutoto yangu," alisema. "Utatafuta tena kesho."

Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Alipoondoka na binti yake niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, na kwa kuwa mimi ni mtu wa hasira, aibu ile niliigeuza ikawa ugomvi. Nilimwambia karani kwamba kosa ni la herufi yake. Kama si herufi ile tungekuwa tumemaliza Jumanne.

"Na kama si herufi ile ungemupeleka huyu mama kwa lori gani?" aliuliza. "Batatu hao, pengine bawili ni majina. Ukimuletea jina, atalivalisha gauni?"

"Mama, sikiliza. Mashine haiwezi kuisoma. Inataka vitu viwili viwili. Herufi yako iko moja, iko peke yake, inaharibu hesabu ya yote yanayofuata."

"Iko peke yake?"

"Ndiyo. Ndilo ninalokuambia tangu mchana."

Alinikazia macho kwa muda, kama mtu anayetafuta akili kwenye paji la uso wa mwenzake asiione.

"Sasa si uipatie mwenzake?" alisema. "Uandike mara mbili. I, I. H, H. Weye umekulia wapi? Kitu ya mapasa inawekwa moja?"

Nilifungua kinywa nimweleze kwa nini haiwezekani, na kinywa kikabaki wazi. Thelathini na mbili, na mbili, thelathini na nne. Namba ingeanza mwanzoni mwa jozi. Na mstari mzima ungekuwa arobaini na nne, ndizo nafasi zile zile ambazo mashine ilijitengea tangu Jumanne na mimi nikazikataza kwa kiburi. Wala sikuhitaji kubadilisha programu. Nilihitaji tu kuzipitisha disketi upya, herufi kwa herufi, na kila nikifika ya thelathini na tatu niiandike mara mbili. Nilianza kucheka, nikashindwa kuacha, na karani akaniuliza kama niko mgonjwa.

"Mama," nilimwambia, "wewe ungefundisha Bujumbura."

"Bujumbura iko mbali na barabara ni mbaya," alisema. "Andika."

Grupu ilizimwa kabla sijaanza. Ijumaa saa nane juu ya alama nilikuwa kibodini, na karani akanikabidhi disketi zake moja moja, akisubiri nimrudishie moja kabla ya kunipa nyingine. Kufikia saa tisa zilikuwa zimepita zote. Niliuliza swali jipya, na safari hii niliuliza kama karani alivyoniambia, jozi kwa jozi. Kwa huyu mama, mkubwa ni I na mdogo ni H. Basi tafuta kilima hicho, umri huo, mahali ambapo mkubwa ni H na mdogo ni I.

Ilitoka jozi moja. Kituo cha Kabonga, kusini.

Sikupiga kelele. Nilimgeukia karani, yeye akasoma kwenye kioo, akasoma tena, akachukua daftari lake akalinganisha namba ya kilima tarakimu kwa tarakimu. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akatoka yeye mwenyewe kwenda sokoni kumwita Mama Mapasa. Mimi sikuaminika tena kwa kazi ya kutangaza, na nilistahili.

Saa kumi redio ilifunguka. Aliyejibu Kabonga alikuwa mwuguzi wa zahanati, sauti yake ikija na kuondoka. Tulimpa namba ya familia na tukamwomba mtoto huyo asipandishwe lori. Akasema anatuma mtu kwa baiskeli amlete, tusubiri, na watu wa vituo vingine waliokuwa wakingoja zamu yao wakasema kwamba wanangoja. Tulingoja. Mama Mapasa alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono yake bado inang'aa mawese. Mwuguzi aliporudi alisema mtoto yuko mbele yake, ila hasemi kitu, anaona haya. Je, mama ana swali la kumtambua?

Mama Mapasa alifikiri. Nilidhani atauliza kovu, au jina la bibi.

"Amuulize," alisema, "dada yake analala upande gani."

Swali likaenda. Redio ilikoroma. Mwuguzi akarudi, na tulisikia kwamba anacheka.

"Anasema dada yake analala upande wa ukuta, na usiku anavuta blanketi lote."

"Uongo!" alisema pacha mkubwa kutoka kwenye benchi.

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Karani alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, watu wa vituo vingine walikuwa wanashangilia kwenye redio kila mmoja kwa lugha yake, na Mama Mapasa alikuwa anashukuru, murakoze, murakoze, kwa redio, kwa meza, kwa ile mashine ya kijivu. Kwa ile jioni iliyobaki mpaka umeme ukakatika tuliwatafuta na mapacha wengine kwa njia ile ile, na kabla ya malori kufika jozi nyingine nne zilikuwa zimeonana kwenye kioo.

Mtoto aliletwa Jumapili mchana, kwa boti ya injini iliyokuwa imejaa magunia ya dagaa wakavu. Nusu ya soko ilikuwa imeshuka ufukweni. Mabaharia walimpitisha juu ya maji, mkono kwa mkono, wakamweka mchangani akiwa na gauni la kituo na viatu vya plastiki. Nilijua kwamba mama yake angemkimbilia. Hakukimbia. Alisimama mahali pake kana kwamba miguu imekatazwa, na aliyekwenda mbele ni pacha mkubwa peke yake.

Alimzunguka mwenzake polepole. Alimgusa nywele, akamgusa gauni. Kisha akamgeuza kwa mabega, akasimama naye mgongo kwa mgongo, akaweka kiganja juu ya kichwa chake mwenyewe na kukisogeza nyuma. Kiganja kiligonga sikio la mdogo. Huko kituoni walikula maharage kila siku, huku kwetu kulikuwa na siku za mawese matupu, na miaka miwili ilikuwa imefanya kazi yake.

"Mama, huyu amenipita!" alilia, machozi ya hasira yakimtoka. "Mimi ndio mukubwa!"

Watu walicheka. Mdogo hakucheka. Alimtazama dada yake akilia, akatazama chini, kisha akapiga magoti mchangani na viatu vyake vipya.

"Sasa?" aliuliza.

Mkubwa alimwangalia kutoka juu, akavuta kamasi, akapima tena kwa kiganja.

"Sasa sawa," alisema, akamkamata shingo kwa mikono miwili. Ndipo mama yao aliporudiwa na miguu, na mimi nikaligeukia ziwa nikalia kwa sauti mbele ya soko zima, wala sikuona aibu.